Vita vya Panzi: Juu ya Picha ya Wakanda Forever

Mwezi wa Novemba mwaka 2022 ilitoka picha ya sinema iitwayo Black Panther: Wakanda Forever. Ni picha ya 30 katika mfululizo wa picha za mashujaa wa kampuni ya Marvel ya Marekani, mfululizo ulioanza mwaka 2008, nayo ni ya pili kati ya zile zinazosimulia habari za Wakanda, nchi ya Kiafrika iliyobuniwa na watungaji. Picha zinazofuatana kwa namna hii zina ugonjwa unaojulikana. Ya kwanza hutungwa kwa sababu mtu alikuwa na hadithi kifuani. Zile za baadaye hutungwa kwa sababu ya kwanza ilileta fedha. Wakanda Forever haikuponea ugonjwa huo kabisa, na nitasema ni wapi imeugua. Lakini ina vitu viwili visivyopatikana kila siku katika picha za aina yake: msiba wa kweli na swali la kweli. Msiba imeuchukua kwa heshima tangu mwanzo hata mwisho. Swali imeliuliza kwa sauti kubwa, kisha ikaliacha njiani.

Swali lenyewe ni hili: nchi ikiwa na mali inayotamaniwa na mataifa yenye nguvu, itafanya nini ili mali hiyo isiwe balaa yake? Sijui wasomaji wanaostahili kuulizwa swali hilo kuliko vijana wa Kericho na Bomet, ambao kila asubuhi huenda shule wakipita katikati ya jibu lake moja, lililopandwa kwa mistari na kukatwa usawa wa kiuno. Kwa hiyo msomaji asishangae nikiiacha Wakanda mara kwa mara na kurudi katika vilima vya chai.

Tuanze na hadithi. Wakanda ina madini yaitwayo vibraniamu, yanayodhaniwa kuwa hayapatikani penginepo, na kwa nguvu ya madini hayo watu wake wameendelea katika elimu na ufundi kuliko taifa lolote. Kwa karne nyingi walijificha, na hapana mgeni aliyewatawala. Katika picha ya kwanza, iliyotoka mwaka 2018, mfalme wao kijana, T'Challa, aliamua kuufungua mlango na kuugawia ulimwengu elimu yao. Picha ya pili yaanza kwa kifo cha mfalme huyo. Dada yake, Shuri, aliye bingwa wa sayansi, ahangaika katika maabara kutafuta dawa, na kabla hajaipata aingia mama yao, Malkia Ramonda, kumwambia kwamba yamekwisha. Mwaka mmoja baadaye mataifa makubwa, yakidhani kuwa Wakanda imedhoofika, yaanza kuyawinda madini yake. Chombo cha kutafutia vibraniamu, kilichobuniwa na mwanafunzi wa chuo kikuu cha Marekani aitwaye Riri Williams, chapelekwa baharini, nacho chawagusa watu ambao hawakujulikana: watu wa Talokan, wanaoishi chini ya maji na wenye vibraniamu yao wenyewe. Mfalme wao, Namor, aja Wakanda na sharti lake: wamletee mwanafunzi huyo, ama awe adui yao. Wakanda yakataa kumtoa binti huyo auawe, na kutoka hapo vita huanza.

Kifo cha T'Challa hakikutoka katika mawazo ya mtungaji. Chadwick Boseman, aliyekuwa akimcheza mfalme huyo, alifariki tarehe 28 Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na umri wa miaka 43, naye alikuwa ameuficha ugonjwa wake hata wengi wa wenzake hawakujua. Mwongozaji wa picha, Ryan Coogler, angaliweza kumtafuta mchezaji mwingine, kama ifanywavyo mara nyingi katika biashara hii, na watazamaji wangalinung'unika siku chache kisha wakazoea. Hakufanya hivyo. Alimwacha mfalme afe pamoja na mwenye kumcheza, akawaacha wachezaji wamwombolezee mtu waliyemjua na kumpenda. Ndiyo sababu maziko katika picha hii hayafanani na maziko ya sinema. Watu wamevaa nguo nyeupe toka utosini hata nyayoni, jeneza lapita katikati yao, wengine wacheza na wengine walia. Na mtu yeyote aliyepata kuhudhuria matanga katika nchi zetu ajua kwamba kucheza na kulia hukaa katika ua mmoja bila kugombana.

Baada ya hapo msiba huachwa uendelee kufanya kazi yake polepole. Mwaka unapotimia, Ramonda amchukua Shuri kando ya mto, mbali na mji, awashe moto na kuzichoma nguo za msiba, ndiyo kusema kuondoa matanga. Shuri akataa. Yeye ni mtu wa vipimo na hesabu. Haamini kwamba ndugu yake yu karibu naye katika upepo, na anasema kwamba akikaa sana akiwaza habari zake, ataiteketeza dunia nzima badala ya nguo. Mazungumzo hayo yakatizwa na kuja kwa Namor, na moto wa matanga hauwashwi. Mtungaji ameufanya moto huo usiowashwa kuwa uzi wa hadithi nzima, na uzi huo haukatiki. Angela Bassett, aliyemcheza Malkia, alipata tuzo ya Golden Globe mwezi Januari 2023 kwa kazi hiyo. Amtazame mwanafunzi anapomvua Okoye ujemadari kwa kumpoteza Shuri: sauti yapanda, kisha yavunjika mahali ambapo mama anazidi malkia. Hakuna mlipuko wa baruti katika picha hiyo wenye nguvu ya kuvunjika huko.

Watu wa upande wetu wa Afrika wana sehemu katika kazi hii, na si vibaya kuitaja. Lupita Nyong'o, anayemcheza Nakia, alizaliwa Mexico mwaka 1983 kwa wazazi Wakenya. Florence Kasumba, mmoja wa askari wanawake wa Wakanda, alizaliwa Kampala. Picha ya kwanza ilizinduliwa Kisumu mwezi Februari 2018, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Kericho, katika kaunti ambayo gavana wake alikuwa baba wa Lupita. Ruth Carter, aliyebuni mavazi, aliitazama mikufu na shuka za Wamasai na Waturkana alipowavika watu wake, na kazi yake ilipata tuzo ya Oscar kwa picha zote mbili, mwaka 2019 na mwaka 2023. Kwa upande wa lugha, masikio yetu hupata jambo la kushangaza. Ramani zilizoonyeshwa katika picha hizi huiweka Wakanda Afrika Mashariki, lakini watu wake husema Kixhosa cha Afrika Kusini. Sababu yake ni ya kibinadamu tu: mwaka 2016, Wakanda ilipoonekana katika picha ya mashujaa kwa mara ya kwanza, mzee John Kani alimcheza baba wa T'Challa, naye akasema lugha aliyozaliwa nayo. Mimi siwalaumu. Nchi ya kubuniwa yaweza kusema lugha yoyote, mradi iseme vizuri.

Sasa tulifikie swali. Lipo wazi katika mandhari ya Geneva, ambayo naiona kuwa bora kuliko zote baada ya maziko. Malkia Ramonda ameitwa mbele ya wajumbe wa Umoja wa Mataifa. Mjumbe wa Ufaransa alalamika kwamba Wakanda haikuugawia ulimwengu madini yake kama ilivyoahidi. Malkia amsikiliza kwa utulivu, kisha mlango wafunguliwa, na askari wa kukodiwa waletwa wamefungwa mikono, wakapigishwa magoti: ndio waliojaribu usiku kuyaiba madini hayo katika kituo cha Wakanda nchini Mali, nao wametumwa na walewale wanaolalamika. Mwezi Februari 2023 waziri wa majeshi wa Ufaransa, Sébastien Lecornu, aliishutumu picha hiyo hadharani kwa jinsi ilivyowaonyesha askari wa nchi yake, ambao walikuwa wamepigana Mali tangu mwaka 2013 na kuondoka mwezi Agosti 2022. Si mara nyingi waziri wa dola kubwa huumwa na hadithi ya paka mweusi. Pale alipoumwa ndipo picha ilipogusa kitu.

Mwezi uleule wa Agosti 2022, majuma machache kabla ya picha kutoka, watu wa ukoo wa Talai na Wakipsigis wa Kericho walipeleka kesi yao katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mjini Strasbourg, wakilalamika kwamba Serikali ya Uingereza haikutaka kuwasikiliza. Habari zao zajulikana. Katika utawala wa wakoloni Wakipsigis waliondolewa katika ardhi yao, na toka miaka ya 1920 makampuni makubwa yakaifanya mashamba ya chai. Mwaka 1934 ilitungwa sheria maalumu ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa dini uliohofiwa na Serikali, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Viktoria, mahali penye mbu na mbung'o. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao juu ya mambo hayo. Ziweke mandhari hizo mbili pamoja, msomaji. Malkia wa hadithi aingia Geneva na ushahidi wake umepiga magoti, na hapana athubutuye kujibu. Wazee wa Kericho huenda Ulaya na karatasi, na kumbukumbu, na mawakili. Furaha tunayoipata tukimtazama Ramonda yatokana na umbali uliopo baina ya safari hizo mbili, na hapana haja ya kuionea haya furaha hiyo. Lakini mtungaji akiisha kutupa furaha hiyo, ana deni.

Deni hilo picha haikulilipa. Tazama inakoelekea baada ya Geneva. Adui aliyetajwa kwa jina lake aondoka jukwaani, na mahali pake aja Namor. Naye Namor ni nani? Hadithi yake yasimuliwa katika mandhari fupi, nzuri mno. Katika karne ya 16, Wahispania walipofika nchi ya Wamaya, watu wake walishikwa na ndui, wakanywa dawa ya mmea wa ajabu, na wote wakageuka kuwa watu wa majini. Mama yake alikuwa na mimba. Alipokufa baada ya miaka mingi, alikuwa ameomba azikwe katika ardhi aliyozaliwa. Mwana akapanda juu kumzika, na mahali alipopatazamia makaburi ya wazee wake akakuta shamba kubwa la mgeni, na watu wa damu yake wakifanya kazi humo chini ya mjeledi. Akalichoma moto.

Mtoto wa nchi ya chai hahitaji kufafanuliwa mandhari hiyo. Katika picha zote 30 za mfululizo huu sikumbuki nyingine inayoonyesha kwa uwazi hivyo jinsi ardhi inavyogeuka kuwa shamba la mtu mwingine, na mwenyewe kuwa kibarua. Na bado mtu pekee katika hadithi hii anayelikumbuka shamba hilo ndiye aliyepewa kazi ya kuwa adui. Namor aigharikisha Wakanda, na Malkia Ramonda afa maji akimwokoa Riri. Kuanzia dakika hiyo hatuwezi tena kumsikiliza Namor, tunataka alipe. Wahenga walisema, vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Picha hii yatuonyesha panzi wawili kwa uzuri usio na kifani, mabawa yao, rangi zao, machozi yao. Na kunguru, aliyekuwa mbele yetu huko Geneva, amesahauliwa mtini.

Hapa nataka mwanafunzi ajifunze kukitambua chombo kimoja cha utungaji, kwa kuwa atakikuta tena. Mtungaji akiwa na mtu anayesema kweli isiyompendeza, au isiyowapendeza wenye fedha ya picha, njia nyepesi ya kumnyamazisha ni kumpa kosa lisilosameheka. Katika picha ya kwanza kijana Killmonger aliuliza kwa nini Wakanda yenye nguvu iliwatazama watu weusi wa dunia nzima wakiteswa isitoe mkono. Swali hilo lilikuwa na uzito. Kwa hiyo Killmonger akafanywa mwuaji asiye na huruma, tukasameheka tusimjibu. Katika picha ya pili chombo kilekile chatumika juu ya Namor. Mara moja ni ufundi. Mara ya pili ni mazoea.

Yuko atakayenipinga, tena kwa hoja nzuri. Atasema kwamba hilo hasa ndilo fundisho la mwongozaji: wanyonge huchochewa kupigana wenyewe kwa wenyewe, na ushindi wa Shuri ni kule kulitambua hilo anapousimamisha mkuki wake juu ya kifua cha Namor na kumwacha hai. Nakubali kwamba hiyo ndiyo nia. Mandhari ile imepikwa vizuri, na Letitia Wright aibeba bila kuongeza chumvi. Lakini patano hilo ni la wawili, na aliyeusababisha ugomvi hayupo. Mbaya zaidi, anapoonekana huwa kichekesho. Mkuu wa majasusi wa Marekani aambiwa afikirie ingekuwaje kama nchi yake peke yake ingekuwa na vibraniamu, naye ajibu kwa tabasamu kwamba jambo hilo huliota. Watazamaji hucheka, na hadithi yapita. Mwishoni Namor amwambia jamaa yake Namora kwamba siku ile mataifa ya juu yatakapoishambulia Wakanda, watu wa Talokan ndio watakaohitajiwa. Maana yake ni kwamba ugomvi wa kweli umeahirishwa hadi picha nyingine. Huo ndio ugonjwa niliousema mwanzoni: hadithi iliyo katika mfululizo haiwezi kumaliza jambo kubwa, kwa kuwa likimalizika, kesho hakuna kitu cha kuuza.

Kuna jambo jingine ambalo Wakanda halimsumbui mtu hata kidogo. Mashine huko hufanya kila kazi, na hapana aliyepoteza mkate wake. Mwezi Mei 2023, miezi sita tu baada ya picha kutoka, mashine za kuchumia chai zilichomwa moto Kericho katika maandamano ya watu waliosema kuwa zimewanyang'anya kazi, na mtu mmoja aliuawa katika ghasia hizo. Sisemi kwamba mtungaji wa Marekani alipaswa kuyajua hayo. Nasema tu kwamba Wakanda ni nchi tuliyoonyeshwa maabara zake, kiti chake cha enzi na uwanja wake wa vita, na katika saa tano za picha mbili hatukuonyeshwa mtu mmoja akipokea ujira. Madini yao huchimbwa. Nani huchimba, na kwa ujira gani, hatujui.

Kuhusu makosa madogo ya ufundi, sitakaa sana. Picha ni ndefu, dakika 161, na kama dakika 30 katikati zingaliondolewa hapana ambaye angeziulizia. Mji wa Talokan ulipaswa kutushangaza, lakini umefunikwa na giza la maji hata macho huchoka. Na atakayeutazama katika kioo kidogo cha simu, kama watazamavyo vijana wengi wa mashambani, hataona ila vivuli. Mavazi ya chuma ya Riri yaonekana kuwekwa kwa ajili ya mfululizo mwingine, na ndivyo ilivyokuwa kwa kweli, kwani alitungiwa mfululizo wake wa televisheni uliotoka mwaka 2025. Vita vya mwisho juu ya merikebu ni mrundiko wa watu warukao.

Kisha kelele zanyamaza, na picha yarudi kwenye kitu inachokijua. Shuri aenda Haiti, anakoishi Nakia. Akaa peke yake ufukoni, awashe moto, na kuichoma ile nguo ya msiba aliyokataa kuichoma alipokuwa na mama yake. Na kwa muda mrefu hatuonyeshwi ila uso wake, na kumbukumbu za ndugu yake zikipita bila sauti. Baadaye Nakia amletea mtoto mdogo, mwana wa T'Challa aliyelelewa kwa siri mbali na kiti cha enzi. Huko Haiti huitwa Toussaint, jina la yule kiongozi wa watumwa walioasi dhidi ya Ufaransa.

Sijui kama mwongozaji alikusudia yote yaliyomo katika jina hilo na mahali hapo. Haiti ilijipatia uhuru wake mwaka 1804, na mwaka 1825 Ufaransa ikaitoza faranga milioni 150 ziwe fidia ya wenye mashamba waliopoteza ardhi na watumwa, deni lililopunguzwa baadaye hadi milioni 90, nalo likaielemea nchi hiyo kwa vizazi. Basi taifa lile lililowekwa kizimbani Geneva katika dakika za kwanza liko pia katika ufuo huu wa mwisho, na shamba alilolichoma Namor liko, na waliolipishwa kwa sababu ya kujikomboa wako. Shuri atazama bahari, mtoto ataja jina lake la pili, T'Challa, na picha yaisha bila kuitaja fidia hiyo.